Kaldera si kreta iliyonenepa

Juzi nimetazama video ya ndugu mmoja aliyepanda hadi La Cumbrecita, kisiwani La Palma, moja ya visiwa vya Kanari. Mandhari ni ya kukuacha mdomo wazi: kuta za mawe zinazokaribia kimo cha mita 2,000, misonobari imeng'ang'ania kingo, mawingu yanamwagika juu kama maziwa yanayofurika. Naye akasema, "Hii ni kreta kubwa sana, volkano ililipuka ikaacha shimo, ndiyo wanaita kaldera." Nimeshasikia sentensi hiyo mara nyingi mno, kwa hiyo leo niruhusuni.

Kreta, au kasoko kwa Kiswahili cha vitabuni, ni mdomo wa volkano, pale lava, majivu na gesi vinapotokea. Kaldera hutokea magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyokuwa chini ya mlima ikitoka kwa wingi, chumba chake kikabaki kitupu, na mlima ukakosa pa kuegemea, ukadidimia. Basi. Ukubwa si kipimo. Swali ni kama ardhi ilizama.

Utamu uko kwenye jina. Kwa Kihispania caldera ni sufuria kubwa, jungu la kupikia, na mzizi wake wa Kilatini unahusu joto. Watu wa Kanari hawakuwa na habari ya magma walipolitumia. Kila bonde la duara lililofanana na chombo cha jikoni waliliita hivyo: kuna Caldera de Bandama kule Gran Canaria, kuna Caldera de los Cuervos kule Lanzarote, ambayo ni kreta ya kawaida kabisa. Na kuna hii kubwa ya La Palma, ile ya kwenye video, Caldera de Taburiente.

Mwaka 1815 akafika mwanajiolojia Mjerumani Leopold von Buch, pamoja na mtaalamu wa mimea kutoka Norway, Christen Smith, ambaye mwaka uliofuata alifia kwenye msafara wa Mto Kongo. Von Buch alilichukua neno la wenyeji akaliingiza kwenye jiolojia. Ila yeye hakuwaza kuzama hata kidogo. Aliamini ardhi iliumuka kutoka chini kama andazi, kisha ikapasuka juu. Mwanajiolojia Mwingereza Charles Lyell, mzaliwa wa Uskoti, alifika kisiwani mwaka 1854 na kuipinga nadharia hiyo. Baadaye wanasayansi wakalibana neno kwenye maana ya kudidimia, na hapo ndipo kichekesho kilipo: Taburiente, iliyowapa jina, haimo. Bonde lile ni kazi ya maporomoko makubwa ya ubavu wa mlima, karibu miaka nusu milioni iliyopita, na ya maji yaliyoendelea kuchimba tangu hapo.

Huna haja ya kuniamini; fuata maji. Taburiente iko wazi upande wa kusini-magharibi. Mvua inayonyesha ndani hushuka kwenye korongo la Las Angustias (jina lenyewe ni dhiki, na ukilitembea juani utajua kwa nini) hadi baharini Tazacorte. Chini huko korongoni kuna lava zenye umbo la mito ya kulalia, zilizoganda chini ya bahari kabla kisiwa hakijachomoza. Maji yamekata hadi kwenye msingi wa nyumba. Sasa linganisha na Ngorongoro, ambayo sisi kwa mazoea tunaiita kreta ilhali ni kaldera halisi: upana wake kama kilomita 20, kina kama mita 600, ukuta umezunguka pande zote. Maji ya ndani hayana mlango wa kutokea, ndiyo maana ziwa lake ni la chumvi.

Mwenye hamu ya kreta La Palma ashuke kusini, kwenye safu ya volkano ya Cumbre Vieja. Milipuko yote iliyoandikwa katika historia ya kisiwa imetokea upande huo. Wa mwisho ulianza Septemba 19, 2021, ukanyamaza Desemba 13, baada ya kuufukia mtaa wa Todoque na kuacha koni mpya inayoitwa Tajogaite. Ile ina midomo, na ni michanga kiasi kwamba wenyeji wanaozungumza nawe waliiona ikizaliwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa video, picha zako usiziguse, ni nzuri. Badilisha sentensi ile moja tu: ni bonde lililofunguliwa na maporomoko na kuchimbwa na maji, nalo jina lake ni Caldera de Taburiente. Iandike kwa C kubwa, kama jina la mahali. Kaldera ya k ndogo iache kwa Ngorongoro na Menengai ya Kenya.