Vita vya Abushiri na Mkataba Uliotiwa Saini Unguja

Wanafunzi wangu hapa Unguja huvihesabu Vita vya Abushiri, watu wa pwani walipowainukia Wajerumani mwaka 1888, kuwa habari ya bara, ya Pangani, Bagamoyo na Kilwa, kana kwamba Zanzibar ilikaa pembeni ikitazama. Sikubaliani nao, kwa sababu mkataba uliovianzisha ulifungwa hapa, na sehemu ya hasara yake ililipwa hapa.

Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikwisha kubanwa tangu Agosti 1885, manowari za Wajerumani zilipotia nanga mbele ya kasri lake na kumlazimisha aitambue mikataba ambayo Mjerumani Carl Peters alikuwa ameiandikisha kwa watawala wa bara. Alifariki Machi 1888, na tarehe 28 Aprili mrithi wake, Seyyid Khalifa, akaikodisha Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekeana na Unguja, kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Kampuni ilipewa forodha na utawala, kwa sharti kwamba yote yaendeshwe kwa jina la Seyyid na chini ya bendera yake.

Sharti hilo halikumaliza hata mwezi Agosti. Huko Pangani wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipepee, na liwali alipokataa kumtii, wanamaji wa manowari Carola wakateremshwa pwani kumsaka. Zilikuwa siku za Idi ya Mfunguo Tatu. Wajerumani waliingia msikitini na viatu vyao, mbwa wakiwafuata, kisha mlingoti wa bendera ya Seyyid ukakatwa.

Kisa cha viatu na mbwa ndicho kinachosimuliwa zaidi, na ni cha kweli, lakini peke yake hakielezi kwa nini mji baada ya mji uliinuka katika wiki chache tu. Majumbe, wakuu wa miji ya pwani, walikuwa wakiishi kwa ushuru na hongo, yaani ada za kupita, za misafara ya pembe za ndovu. Wenye mashamba waliamriwa wathibitishe umiliki wao kwa maandishi, na ardhi isiyo na mwenyewe ikahesabiwa kuwa ya kampuni. Riziki ya watu wa kila tabaka iliguswa kwa mpigo mmoja. Wala hawakupigania kiti cha Seyyid: Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na ukoo wa Busaidi, ukoo wa Seyyid mwenyewe, na Bwana Heri wa Saadani hakupata kuukubali utawala wa Unguja. Septemba hiyo Seyyid alimtuma Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, na askari wake kwenda kutuliza Pangani. Alimtoa Zelewski salama, lakini yeye mwenyewe naye akalazimika kuondoka.

Kampuni ilishindwa, na serikali ya Bismarck ikaingia kati. Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2 kwa kisingizio cha kukomesha biashara ya utumwa, na Hermann von Wissmann akaja na askari wengi wao Wasudani. Waliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo Mei 1889, na Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba. Bwana Heri alisalimu amri mwaka uliofuata.

Mkataba wa kukodisha sasa haukuwa na maana tena, kwani Ujerumani iliitaka pwani iwe yake kabisa. Kwa makubaliano ya tarehe 1 Julai 1890 Uingereza iliiachia Ujerumani kisiwa cha Heligoland na ikapata nafasi ya kuziweka Unguja na Pemba chini ya ulinzi wake, jambo lililokamilika Novemba. Mrima ukauzwa kwa marki milioni 4, na fedha hizo hazikubaki Zanzibar: mwaka 1895 zilitumika katika kuinunua Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekodishwa pwani ya Mombasa, ambayo iliendelea kuitwa milki ya Seyyid, kwa jina tu, hadi Desemba 1963.