Sumu ya chuma ni nini?

Hapa Goma mtu akitaja sumu, watu hufikiria karuho, sumu ya kutegewa kwenye chakula au kinywaji, na jirani mwenye roho mbaya. Sumu ya chuma haina adui. Hutoka kwenye vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa akienda CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Vingi vimepakwa rangi na sukari, na mtoto hudhani ni pipi.

Maana yake ni chuma kuingia mwilini kwa wingi unaopita uwezo wa damu kukibeba. Kinachobaki huru huunguza tumbo na utumbo, kisha huingia kwenye seli za ini na moyo na kuzinyima nguvu.

Kidonge cha CPN mara nyingi huwa na miligramu 60 za chuma halisi. Mtoto wa kilo 10 akimeza 10, amepata miligramu 60 kwa kila kilo yake. Chini ya miligramu 20 kwa kilo mara nyingi hakuna dalili. Kuanzia 60 ni hatari kubwa. Kwa hiyo munganga atauliza uzito wa mtoto, kisha ataomba paketi ahesabu vilivyobaki. Ibebeni.

Saa 6 za kwanza ni kutapika na kuharisha, pengine na damu. Halafu kunatulia. Mtoto anaomba uji, mama anaanza kufunga mzigo arudi nyumbani Ndosho. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Aliyemeza kidogo huenda amepona kweli. Aliyemeza vingi, chuma chake kimetoka kwenye damu na kujificha ndani ya viungo, hata kipimo cha damu kikichelewa huonyesha kiasi kidogo. Ndiyo maana damu hupimwa saa 4 hadi 6 baada ya kumeza. Kinachofuata utulivu huo ni shoki (damu kushindwa kufika vizuri kwenye viungo), asidi kujaa kwenye damu, na ini kuharibika.

Picha ya radio (eksirei) huweza kuonyesha vidonge tumboni, lakini dawa ya maji haionekani.

Makala (mkaa) ya dawa, yanayosaidia kwa sumu nyingine nyingi, hayashiki chuma. Maziwa na mawese navyo si dawa. Utumbo husafishwa kwa maji yenye polietileni glikoli, na mgonjwa aliyezidiwa hutundikiwa deferoksamini, miligramu 15 kwa kilo kila saa, polepole, maana ikikimbizwa presha huanguka. Dawa hiyo hukamata chuma na kukitoa kwa mkojo, ambao huweza kugeuka wa rangi ya waridi iliyoiva. Wakati mwingine haugeuki hata kidogo, na dawa inafanya kazi.