Rangi ya bampa kubanduka: tunayoambiana na ukweli wake

Bampa ya mbele ya Toyota IST yangu niliipiga rangi mwenyewe nyumbani, ikatoka inang'aa mpaka majirani wakaulizia fundi. Wiki ya tatu kijana wa kuosha magari akapitisha mashine ya presha karibu na taa, rangi ikanyanyuka kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, kipande kikubwa kama kiganja, na chini yake plastiki nyeusi safiii haina hata doa. Huo usafi ndo uliniambia kila kitu, maana yake rangi haikushika tangu siku ya kwanza, ilikuwa imekaa tu juu. Toka siku ile nimepiga bampa na vifuniko vya saitimira vingi tu vya ndugu na marafiki, na maneno ninayokutana nayo ni yale yale.

La kwanza: "rangi ya kopo ni feki ndo maana inabanduka". Hapana jamani, mara nyingi rangi haina kosa. Bampa nyingi za haya magari yetu ya Japani ni plastiki ya PP (polipropilini) iliyochanganywa na mpira, na PP kwa asili yake haishikani na kitu kirahisi, mwagia maji uone yanavyojikusanya vitone na kuteleza, basi na rangi inafanyiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo ikiwa plastiki iko wazi unahitaji praima ya plastiki kwanza, ile nyembamba inayoonekana kama maji, halafu ndo praima ya kawaida, halafu rangi, halafu klia, ile ya mwisho isiyo na rangi inayong'arisha na kulinda. Mimi praima ya kawaida niliipiga, ile ya plastiki sikujua hata kama ipo.

Utajuaje ni plastiki gani? Fungua bampa, igeuze, futa vumbi kwa ndani utaona herufi zimechongwa kati ya mishale miwili: >PP< au >PP+EPDM< au >ABS<. EPDM ndo ule mpira niliotaja. ABS ni plastiki nyingine, utaikuta sana kwenye grili na vifuniko vya saitimira, yenyewe inapokea praima ya kawaida vizuri ila thina kali inaiyeyusha juu. Kuna watu wanakwambia kata kipande utie kwenye maji, kikielea ni PP kikizama ni ABS. Ni kweli PP tupu inaelea, lakini bampa nyingi zimewekewa unga wa madini kuziongezea ugumu na hizo zinaweza kuzama kabisa na bado ni PP, so soma herufi, achana na beseni.

Kinyume chake pia kipo, mtu ana bampa yenye rangi ya zamani iliyoshika vizuri, imekwaruzika tu, anaipuliza yote praima ya plastiki. Haina kazi pale. Unapaka rangi juu ya rangi, we piga msasa namba 400 mpaka 600 uondoe mng'ao wote, na hiyo praima uiweke tu pale plastiki ilipotokeza. Na usiipige nene ukidhani itaziba mikwaruzo, ni mkono mmoja mwepesi, yaani tabaka moja jembamba, haipigwi msasa, na rangi inayofuata iwekwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, ukilala mpaka kesho yake umeanza upya.

Sasa hili la kuosha naomba nilikazie maana ndo linaharibu kazi nyingi kuliko yote. Watu wanasema "piga msasa kwanza, utaosha baadaye ukishamaliza vumbi". Ukifanya hivyo unachukua mafuta, waksi na lami vilivyoko juu na kuvisukuma ndani ya mikwaruzo ya msasa, havitoki tena kirahisi. Kosha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza sana, kausha, pitisha dawa ya kuondoa grisi, ndo uanze msasa, na ukimaliza unarudia tena dawa. Kuwa na vitambaa viwili, kimoja chenye dawa kinapaka, kingine kikavu kinafuta papo hapo kabla haijakauka, la sivyo uchafu umeuhamisha tu. Hata bampa mpya kutoka boksini ioshwe hivi hivi, ina mabaki ya dawa ya kiwandani ya kuifanya itoke kwenye kalibu. Na ile dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi isifunguliwe kabisa karibu na kazi, ina silikoni, tone dogo tu na rangi inajikunyata inaacha vishimo vya duara kama imetobolewa na sindano nene. Petroli nayo sio kisafishio, inaacha utando wa mafuta na inawaka moto, acha.

Msasa mkali ndo unashikisha rangi? Kwenye chuma kuna mahali pake, kwenye PP ukianza na namba 80 plastiki inaota manyoya, na kila ukipuliza yanaonekana zaidi. Kwa plastiki tupu 320 halafu 400 inatosha, sehemu za kona tumia sponji ya msasa. Nyufa na mashimo usizibe kwa puti ya chuma, bampa inajipinda na ile puti haijipindi, tuta la kwanza tu ufa umerudi. Kuna puti yake ya plastiki.

"Jua kali ndo oveni ya bure." Hili kwa Dar linaumiza watu. Plastiki nyeusi saa saba mchana unaigusa unatoa mkono, ukipuliza hapo rangi inakauka njiani kabla haijatua, inakuwa na vichembe kama msasa. Mimi napiga asubuhi umande ukishaisha, kivulini, chini nimenyunyiza maji vumbi litulie. Siku za masika nasubiri, unyevu ukizidi klia inaweza kufifia ikawa na ukungu mweupe. Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya kusikia ile golori inagonga, kaa sentimita 20 hadi 25, mikono mitatu miepesi na kati yake dakika 10 mpaka 15, sio mmoja mzito unaotiririka.

Kuhusu rangi kufanana, namba ya kwenye kibati cha gari ni mwanzo tu. Toyota 040 ni nyeupe ya kawaida, lakini 070 ni nyeupe ya lulu, ina tabaka la chini, tabaka la lulu, halafu klia, ukinunua kopo moja la nyeupe hautaipata hata ufanye nini. Na silva inabadilika hata na umbali wa mkono wako. Puliza kwanza kwenye kipande cha kadibodi, piga na klia yake, kisimamishe kwenye fenda juani uangalie.

La barakoa sitalipitisha haraka. Klia yenye hadina, yaani kigumishi kinachochanganywa nayo, inadumu kuliko ya kawaida, haitoki ukimwagikiwa na petroli, lakini ile hadina ina kemikali inayoweza kukupa pumu ya maisha, na harufu haikuonyi mapema. Barakoa ya kitambaa au ile ya korona inazuia vumbi, mvuke inapitisha wote. Kwa kazi ya nyumbani nashauri klia ya kawaida, sehemu wazi, na barakoa yenye vichujio vya kaboni, watoto wasiwepo. Ukitaka ya hadina mpelekee fundi mwenye chumba cha rangi na kifaa cha kumletea hewa safi, we tayarisha bampa nyumbani yeye apulize.

Halafu kukauka. Baada ya saa moja kidole hakinati, watu wanafunga bampa wanaondoka. Bonyeza kucha sehemu iliyojificha, pale bampa inapoingia chini ya fenda. Ikiacha alama bado ni laini ndani, iache. Mimi sasa hivi nasubiri siku mbili kabla ya kufunga, na mashine ya presha haigusi bampa mpaka mwezi uishe.