Umeshakubali, na Bado Unalia

Wiki iliyopita nimeisikia tena, mara ya tatu mwezi huu. Mama aliyekuja na mwanawe wa miaka sita mwenye usonji (autism, hali ya ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia) alijifuta machozi kwa pindo la khanga, akaniomba radhi: "Samahani daktari, nilidhani nilishakubali." (Mimi ni mwanasaikolojia, si daktari, ila nimechoka kusahihisha.) Samahani ya nini, mama?

"Mzazi aliyemkubali mtoto wake halii tena." Hakuna dhana inayonikera kama hii, na wanaoieneza ni watu wa karibu: wifi, jirani, hata kiongozi wa dini anayemwambia mama kwamba machozi yake ni upungufu wa imani. Eti ukiambiwa mtoto ana usonji unalia miezi kadhaa, unakubali, yanaisha. Mzazi wa namna hiyo sijakutana naye.

Aliyemliza huyu mama ni binti yake mdogo, wa mwaka mmoja na nusu. Asubuhi ile alisimama mlangoni kavaa kandambili za kaka yake, akasema, "Mama, twende." Mama akacheka, akampigia makofi. Kisha akamtazama mkubwa aliyekuwa anapanga vizibo vya soda sakafuni, kimya kama siku zote, na kicheko kikamkauka.

Mwaka 1962 Mmarekani Simon Olshansky aliandika kuhusu wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili. Alisema huzuni yao ni ya kudumu na ni ya kawaida, si ugonjwa, na aliwalaumu wataalamu wanaomsukuma mzazi "akubali" yaishe. Ndicho ninachokiona kwa wazazi wa watoto wenye usonji. Msiba una arubaini yake. Huu hauna, kwa sababu hakuna aliyekufa. Mtoto yupo, anakula, anacheka, unampenda. Huzuni inalala, kisha inaamshwa: wenzake wanaanza darasa la kwanza, binamu yake anasoma risala kwenye sherehe, au ndevu zinaanza kuota na bado unamvisha shati. Katikati ya siku hizo mzazi anafanya kazi, anataniana na mwanawe, anaishi.

Ninachokihofia ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Ukikaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku hakuna kinachokufurahisha, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, usisubiri: nenda hospitali, ina tiba. Ukianza kuwaza afadhali ufe, nenda leo hii. Na kabla hujamhubiria mama huyo, muulize jana alilala saa ngapi. Watoto wengi wenye usonji hupata shida ya usingizi, na mtoto akikesha, mama naye anakesha.

"Mama ndiye chanzo." Hili lilikuwa kosa la wataalamu wenyewe. Miaka ya 1950 na 1960 kule Marekani akina mama waliitwa majokofu, kwamba ubaridi wao ndio ulioharibu watoto. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji, aliipinga hoja hiyo kwa kitabu mwaka 1964, na mwaka 1977 utafiti wa jozi 21 za mapacha huko Uingereza ukaonyesha nguvu ya urithi. Kwa hiyo wewe mama mkwe: uchawi, jicho na "ulikula nini ukiwa mjamzito" tuviache. Chanjo nayo vilevile: makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha uvumi kwamba chanjo ndiyo chanzo ilihusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010.

"Baba hajali." Wapo waliokimbia, siwatetei. Lakini wapo pia wanaobaki nje na pikipiki muda wote wa kliniki, halafu wananivizia getini kuuliza kwa sauti ya chini, "Ataongea?" Wazee, ingieni ndani. Viti vipo.

"Mwanangu hanipendi, hataki kukumbatiwa." Yule wa vizibo hakumbatii mtu, ila mama akitoka, huivuta khanga yake kutoka kwenye kamba ya nguo na kuinusa mpaka arudi.

Ushauri wangu ni uleule, wanaonijua wameshauchoka: tafuta mtu mmoja unayemwamini, umfundishe anachokula mtoto na kinachomtuliza, akae naye saa mbili kila Jumamosi. Wewe toka. Na saa hizo usifue. Yule mama wa khanga aliporudi nilimuuliza alizitumiaje, akainamisha kichwa: mashuka.