Ugonjwa wa Huntington: Nani Apimwe, na kwa Utaratibu Gani

Wazazi wanaofika kliniki yetu ya mishipa ya fahamu wakiomba watoto wao wapimwe ugonjwa wa Huntington, kisha wakaondoka wakilalamika kwamba wamenyimwa haki, wanastahili maelezo kamili.

Ugonjwa huu wa ubongo wa kurithi, ambao kwa kawaida hujitokeza kati ya miaka 30 na 50, mara nyingi hutanguliwa na mabadiliko ya tabia: mtu mpole anakuwa mkali, au anashindwa kupanga kazi alizozizoea. Baadaye mikono, mabega na uso huchezacheza bila yeye kutaka. Tukimwomba atoe ulimi na kuutuliza nje, unarudi ndani wenyewe. Tukimpa vidole avishike, kiganja chake kinabana na kulegea, kinabana na kulegea. Huo si ulevi wala kurogwa, na inasikitisha kupokea mgonjwa aliyezungushwa kwa waganga miaka mingi, ilhali ndugu wanajua fika kwamba baba na shangazi yake waliugua vivyo hivyo. Habari hiyo ndiyo ya kwanza kumweleza daktari.

Chanzo ni jeni (kinasaba) iliyoko katika kromosomu ya 4, iliyotambuliwa mwaka 1993, ambamo kipande kiitwacho CAG hujirudia kupita kiasi. Marudio 40 na zaidi huleta ugonjwa. 36 hadi 39 huweza kuuleta. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike kwa wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi, afanane na mzazi huyo au asifanane. Ugonjwa hauruki kizazi. Asiyerithi jeni hiyo yenye kasoro hana cha kuwarithisha wanawe.

Kwa mwenye dalili, tunachunguza kwanza yanayotibika, kama ugonjwa wa Wilson (madini ya shaba kurundikana mwilini), matatizo ya tezi ya shingo, kaswende na madhara ya dawa, ndipo tunachukua damu. Asiye na dalili awe ametimiza miaka 18, aje kwa hiari yake, apate ushauri nasaha, atie saini ridhaa, apewe muda wa kutafakari, kisha apokee majibu ana kwa ana. Hata bahasha ikiwa mezani, anaweza kughairi. Mtoto mwenye ukakamavu wa viungo, degedege au anayeporomoka darasani huchunguzwa kama mgonjwa. Mtoto asiye na dalili hapimwi, kwa kuwa hakuna dawa ya kuuzuia ugonjwa, na uamuzi wa kujua ni wake akikua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Kwa hiyo mchumba, mwajiri au mzee wa ukoo asije kuomba majibu ya mtu mwingine bila ridhaa yake ya maandishi.