Shemeji, rada tunayo

Nimeulizwa tena. Safari hii ilikuwa barazani Tanga, kikombe cha kahawa mkononi, na shemeji yangu akatoa lile lile wanalolitoa wote: "Mambo ya Titanic, meli kugonga barafu ikazama, yalikuwa ya zamani. Siku hizi si mna rada?" Nimepita Atlantiki ya Kaskazini misimu sita nikiwa ofisa wa zamu, na swali hilo limenichosha. Haya, leo naliandika, atakayeuliza tena nitamtumia.

Kwanza tuondoe la chumvi. Siwa barafu, lile pande kubwa la barafu linaloelea baharini, si maji ya bahari yaliyoganda. Ni theluji iliyoanguka nchi kavu, Greenland, maelfu ya miaka, tabaka juu ya tabaka, hata la chini likagandamizwa likawa barafu ngumu. Barafu ya Kibo nayo ilianza hivyo hivyo, ila ya Greenland huteleza mpaka baharini. Pale Ilulissat ncha yake humegeka, vipande vikaelea Ghuba ya Baffin, kisha mkondo wa Labrador ukavishusha hadi karibu na Newfoundland, Canada. Safari hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Karibu sehemu tisa kwa kumi ziko chini ya maji. Hilo kila mtu analijua, tusonge mbele.

Siwa kubwa kama msikiti wa Ijumaa na mnara wake halininyimi usingizi. Rada hulionyesha mapema, tunapinda, basi. Kinachoninyima usingizi ni mtoto wake, kile kipande tunachokiita grola: haifiki mita 1 juu ya maji, urefu wake chini ya mita 5. Piga picha kichwani ya kipanya, ile daladala ndogo, kilichozama kikabakiza paa, ila hiki ni barafu tupu, makumi ya tani.

Rada hurusha mawimbi na kuonyesha yanayorudi baada ya kugonga kitu. Chuma huyarudisha kwa nguvu. Barafu hurudisha kidogo, tena ikishalambwa na maji ikawa laini na ya mviringo, hicho kidogo hutawanyika ovyo. Halafu bahari yenyewe ikichafuka nayo hung'aa kwenye skrini, vidoti kila mahali. Kuna kitufe cha kuvipunguza. Ukikizungusha, skrini inasafika vizuri sana, na grola umeifuta pamoja na mawimbi! Usipokizungusha, imejificha humo humo kwenye vidoti. Uzungushe kiasi gani? Mkufunzi wangu alinijibu, "Utazoea." Sijazoea. Kuna usiku nimemwamsha nahodha kwa ajili ya doti ambayo haikuwa kitu, na kuna madoti niliyoyafuta ambayo mpaka leo nayafikiria.

Macho nayo yana mkosi wake. Usiku, kinachokuonyesha barafu ni povu linalopasuka miguuni pake. Usiku ule wa Titanic, Aprili 1912, bahari ilikuwa shwari, mwezi hakuna, povu hakuna. Yaani bahari ikitulia rada inafurahi, macho yanapofuka. Ikichafuka, povu liko kila mahali na rada nayo imejaa vidoti.

Anayesema teknolojia ilimaliza kazi asome habari za Hans Hedtoft. Meli mpya ya Denmark, imeimarishwa kwa ajili ya maji ya barafu, safari yake ya kwanza, Januari 1959, wakati rada si ngeni tena melini. Iligonga barafu kusini mwa Greenland ikiwa na watu 95. Kilichopatikana baadaye ni boya moja la kujiokolea.

Doria ya barafu iliyoanzishwa baada ya Titanic inasaidia kweli, na ndege zake na setilaiti. Mwaka 1984 ilihesabu masiwa zaidi ya 2,000 yaliyovuka latitudo 48 Kaskazini, mstari unaopita Newfoundland, kuelekea kusini. Mwaka 2006 halikuvuka hata moja. Lakini grola haina anwani kwenye ramani.

Kanuni ya 6 ya kuzuia migongano baharini inakiri wazi kwamba rada huenda isione barafu kwa umbali wa kutosha, kwa hiyo uende kwa kasi salama. Maili ngapi kwa saa? Haisemi. Nahodha ana ratiba ya bandari, mimi nina hofu yangu, tunatazamana.

Siwa likionekana, tunalipita joshini, upepo unakotoka, kwa kuwa vipande vyake husukumwa demani, upepo unakoelekea. Maneno hayo mawili nilifundishwa na babu kwenye jahazi, kabla sijaona barafu nje ya jagi.

Shemeji akacheka: "Kumbe bado mnatumia macho." Macho, ndiyo, na mwendo wa pole, ambao Titanic, ikikata karibu maili 22 za baharini kwa saa, haikuwa nao.