Ramani za Nomali: Maneno Ninayoyasikia Kila Wiki, na Ukweli Wake

"Fundi, picha si unayo? Ipitishe kwenye filta utoe nomali, yaishe."

Sentensi hii inaniingia kwenye WhatsApp kutoka kwa wateja, naisikia kwa vijana wanaoniletea kazi zao nizikague, na mara nyingine naikuta imejificha ndani ya bajeti: kazi ya kuchonga umbo imefutwa, mahali pake pamewekwa dakika chache za kubonyeza kitufe. Nimechoka kuijibu kwa mdomo. Kwa asiyejua: ramani ya nomali ni picha inayoiambia gemu kila sehemu ya uso wa kitu imeelekea wapi, ili mwanga uuangukie uso bapa kana kwamba una mabonde na vilima.

Filta ya nomali, iwe ya Photoshop, ya GIMP, ya CrazyBump au ya Materialize, haioni umbo. Inageuza picha kuwa ya kijivu, inalinganisha kila pikseli na jirani zake, na pale weupe unapobadilika inaandika mteremko. Imeshaamua kabla ya kuanza kwamba kilicho cheupe kimeinuka na kilicho cheusi kimezama. Ukiilisha ramani ya kimo ya kweli, ambayo kijivu chake ni kipimo cha juu na chini, hesabu hiyohiyo inatoa jibu sahihi. Ukiilisha picha ya simu inapima rangi na vivuli, halafu inakuandikia majibu kana kwamba imepima ukuta.

Chukua ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe, Unguja, maana kila mwenye wazo la gemu ya pwani huanzia hapo. Mvua imeacha michirizi myeusi ya kuvu kutoka paani hadi chini. Ukuta wenyewe ni bapa, lakini kwenye filta kila mchirizi unakuwa mfereji. Mtu kaandika kwa rangi MARUFUKU KUKOJOA HAPA: herufi zinachimbwa ukutani utadhani ni maandishi ya kaburi la mfalme. Halafu ipo sehemu ambayo plasta imebanduka. Hapo ndipo penye kina cha kweli, pengine kuliko kwingine kote kwenye picha. Lakini ndani ya lile shimo kuna jiwe la matumbawe, jeupe kuliko plasta iliyochafuka kando yake, kwa hiyo filta inalitokeza nje kama nundu. Kwenye ukuta mmoja umepata mifereji isiyokuwepo na shimo lililogeuzwa kilima.

Mlango wa nakshi ni balaa zaidi. Umeupiga picha saa nne asubuhi, jua likitokea kushoto. Kila ua lililochongwa lina upande unaong'aa na upande wenye kivuli, basi filta inasema upande wa kushoto uko juu na wa kulia uko chini, na ua lililokuwa la duara linakuwa ngazi. Kwenye misumari ya shaba, kile kidoa cha mng'ao kinachomoza kama sindano. Ukiingiza kwenye gemu, jua la gemu likitoka kulia, kivuli kilichobaki kwenye picha yenyewe kinagombana na mwanga mpya. Mchezaji hatajua jina la kosa, ila ataona mlango wa plastiki.

Hapo mteja ananijibu: "Mbona kwangu inaonekana poa?" Inaonekana poa kwa sababu ameitazama chini ya taa moja isiyosogea. Jicho likiona chembechembe zozote zenye nuru na giza hukubali kwamba kuna umbo. Kwa hiyo sharti langu ni moja, na sitakagua kazi yako bila hilo: bandika ramani kwenye bapa tupu, toa rangi zote ubakize kijivu kimoja, kisha izungushe taa pole pole pembeni mwake duara zima. Taa ikizunguka, umbo lililoandikwa kwenye ramani linajianika lote, bila rangi kulificha. Lilinganishe na kitu chenyewe: mfereji usiokuwepo na shimo lililogeuzwa nundu vitajitokeza, na huhitaji mtaalamu kuviona.

Sasa ufanyeje? Njia ya kawaida ni kuchonga modeli nzito kwenye Blender au ZBrush na kuibeki juu ya modeli nyepesi (yaani kuandika undani wake kwenye ramani ya ile nyepesi), kwa Blender hiyohiyo, xNormal au Marmoset Toolbag. Ukuta unaweza pia kuupiga picha nyingi zinazopishana, siku ya mawingu, ukajenga modeli yake kwa Meshroom, ambayo ni ya bure. Lakini mimi nina ugonjwa wangu wa njia ya tatu, ambayo watu wanaipuuza bila sababu. Weka kamera kwenye stendi, isisogee hata kidogo. Funga fokasi na kiasi cha mwanga. Subiri giza, kisha piga picha ileile mara kadhaa, kila mara tochi ikiwa upande mwingine. Kwa kuwa kitu hakijasogea, tofauti ya mwanga kwenye kila pikseli inaeleza uso wa pale umeelekea wapi. Mtafiti Robert Woodham aliandika hesabu yake mwaka 1980, na kwa uso usiong'aa inahitaji pande 3 tu za mwanga. Mimi nashauri 8, ili vivuli visikuharibie. Programu ya Substance Designer ina nodi (kisanduku cha amri) ya kazi hii. Chokaa, mkeka na mbao kavu hutoka safi ajabu. Shaba haitoki, kwa sababu inang'aa, hivyo misumari utaichonga mwenyewe.

Filta ina haki yake ndogo, nisije nikasemwa. Punje za mchanga, nyuzi za kitambaa, ukwaruzo mdogo wa plasta iliyopigwa picha chini ya wingu: ipitishe, punguza nguvu, itumie kama tabaka la juu kabisa. Na hizi programu za akili bandia zinazokisia kina kutoka picha moja zina afadhali kuliko filta, ila kukisia ni kukisia. Zijaribu kwa taa ileile inayozunguka.

Mengine nayapitia haraka.

"Misumari ya mlango haitokezi nikisimama pembeni, niongeze nguvu?" Hapana. Ramani ya nomali inabadilisha mwanga unavyoanguka, haigusi kingo za modeli. Misumari ya milango ya Unguja hutokeza sana. Weka koni ndogo za poligoni chache, umemaliza.

"Programu ni mbovu, imenigeuzia mashimo." Programu ni nzima. Mwelekeo wa juu na chini huandikwa kwenye chaneli ya kijani, yaani sehemu ya kijani ya rangi za ramani. Injini ya gemu ya Unreal inaisoma ikielekea chini, Unity (injini nyingine) na Blender zinaisoma ikielekea juu. Geuza kijani peke yake. Unreal ina kisanduku cha hilo kwenye mipangilio ya tekscha (picha inayobandikwa kwenye modeli).

"Ni picha kama picha nyingine." Hili ndilo linalozaa mishono na vivuli vya ajabu ambavyo watu hulaumu kadi ya michoro. Namba za rangi ndani ya ramani ya nomali ni mwelekeo, na uso bapa huandikwa 128, 128, 255 (nyekundu, kijani, buluu). Faili ikisomwa kama sRGB, yaani kama picha ya rangi ya kawaida, ile 128 inakuwa takribani 0.22 badala ya 0.5 kwenye kipimo cha 0 hadi 1, na uso uliokuwa bapa unalala upande kabla hujaweka kitu. Blender, chagua Non-Color. Unity, ieleze kwamba ni ramani ya nomali. Na usihifadhi kwa JPEG, tafadhali.

"Nimezichanganya mbili kwa Overlay." Overlay ni ya kuchanganya rangi, si mielekeo, ndiyo maana undani umefifia. Unreal ina nodi iitwayo BlendAngleCorrectedNormals, inayotumia njia ya Colin Barré-Brisebois na Stephen Hill ya mwaka 2012. Itumie. Vilevile ukizungusha faili nyuzi 90 kwenye Photoshop, pikseli zimehama lakini mielekeo iliyoandikwa ndani haijazunguka. Zungusha chanzo, kisha beki upya.

"Bao limetoka na mistari, nipandishe hadi 8K." Mistari ya kwenye kona hutokana na kingo kali ambazo hukuzikata kwenye UV (modeli ikikunjuliwa bapa ili ibandikwe picha), au modeli uliyoigawa pembetatu baada ya kubeki badala ya kabla. 8K, yaani pikseli 8192 kwa upande, itakupa mistari hiyohiyo, ila iliyo kali zaidi. Na hesabu za simu ni hizi: kwa ASTC ya 4×4 (njia ya kubana picha za gemu), kila pikseli ni biti 8, hivyo ramani ya 2048 inakula MB 4 na ya 8192 inakula MB 64, kabla ya nakala zake ndogo zinazoongeza theluthi. Bao moja hilo, na mtaa mzima bado.